Mhandisi Anaporudi Nyegina



Kila ifikapo Juni na Julai, baadhi ya vijana wetu waliokuwa wakisomea uhandisi Uturuki hufunga mabegi, huwagawia wanaobaki masufuria na mablanketi, kisha huanza safari ya kurudi. Kwa mtoto wa Nyegina, Musoma Vijijini, safari hiyo haiishii Dar es Salaam wala Mwanza. Inaishia mbele ya wazee ambao kwa miaka minne au mitano wamekuwa wakimwita “injinia” kwenye simu, na ambao kimya kimya wamekwisha kupanga mambo: paa la nyumba, ada ya mdogo wake, mahari ya kaka yake.

Kuaga tunakujua. Dua husomwa, shati jipya hununuliwa. Kupokea ndiko kunakotushinda.

Familia nyingi hazijui kwamba shahada ya nje haimfanyi kijana kuwa mhandisi kamili siku anaposhuka kwenye ndege. Shahada hiyo hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu ipate kutambuliwa. Kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili akiwa mhandisi mhitimu, naye hufanya kazi chini ya uangalizi wa waliomtangulia kwa takriban miaka mitatu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Mara nyingi kipato cha miaka hiyo ni kidogo. Anayemdai paa katika miezi hiyo anamsukuma aidha akope kwa riba, au aondoke tena asirudi.

Lipo pia deni ambalo vijana wengine hulificha. Tangu 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ina mpango wa kuwasomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake, Tanzania ikiwemo. Uhandisi ni miongoni mwa masomo yake. Kwa jamii, fedha hizo ni msaada. Kwa mwanafunzi ni qardh hasan, mkopo usio na riba, ambao akishapata kazi huurejesha katika mfuko wa jamii ili mwingine naye asome. Kwa hiyo aliyesomeshwa hivyo ameshika nafasi ya mtoto wa jirani asiyemjua, ambaye pengine sasa yuko kidato cha tatu. Kwa maoni yangu, deni hili latangulia paa.

Simlaumu anayebaki ugenini mwaka mmoja au miwili kutafuta uzoefu, maadamu analipa na anampigia mama yake simu. Lakini kazi huku ipo. Hapo Mugango, jirani na Nyegina, maji ya ziwa huvutwa kwa mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, uliogharimiwa na Serikali pamoja na BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Pampu huchakaa, mabomba hupasuka, na msukumo wa maji wa kupandisha mlima haukadiriwi kwa macho. Aliyejifunza hesabu hizo Ankara hana sababu ya kuona haya kuzifanyia kazi kwao.

Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, hakuwa mhandisi. Edinburgh alisomea masomo ya sanaa. Hata hivyo, aliporejea mwaka 1952 alikwenda kwao Butiama akajenga nyumba kwa mikono yake, kabla ya kwenda kufundisha Pugu. Shahada haikumzuia kushika udongo. Wala wazee wake hawakupata jumba la kifahari mwaka ule.

Basi kijana akifika, mwacheni ale, alale, awasalimie majirani. Siku ya tatu au ya nne baba amwite pembeni, pasipo wajomba wala wageni, amwulize anadaiwa kiasi gani, na nani, na usajili wake umefikia wapi. Kisha wachukue daftari na kalamu. Habari ya paa ingoje ukurasa wa pili.