Fulana ya Bure Ina Bei Yake

Muhula huu mialiko ya "jumuiya ya watumiaji" imejaa kwenye mbao za matangazo na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Njoo Jumamosi, jifunze programu ya kupanga kazi za kikundi, upate fulana, stika, cheti na chakula cha mchana. Anayekualika ni mwanachuo mwenzako, tena mara nyingi wa darasa lako. Fulana mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tunaita jumuiya kitu ambacho ni biashara, na serikali yetu ya wanafunzi inakipa ukumbi bure.

Tuanze na jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Programu za kufanyia kazi pamoja, kama Slack, Trello au Microsoft Teams, hazimfai mtu aliye peke yake. Ukijiunga wewe, lazima uwavute wenzako. Kwa hiyo tangazo zuri kuliko yote ni rafiki yako anayeitumia tayari, na kampuni zinalijua hilo siku nyingi. Atlassian, iliyoanzia Sydney mwaka 2002 na inayotengeneza Jira, ilijulikana kwa kukua bila jeshi la wauzaji. Watumiaji waliambizana wenyewe, na kampuni ikaunga mkono vikundi vyao vinavyokutana mijini vikiongozwa na watu wa kujitolea. Slack nayo iliingia maofisini taratibu: timu ndogo inaanza bure, watu wanazoea, bosi analipa. Mwaka 2021 Salesforce ilikamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 27.7. Sehemu kubwa ya kilichonunuliwa pale ni mazoea ya watu.

Sasa fikiria kwa nini sisi wa Ualimu tunapendwa sana kwenye mialiko hii. Mhasibu akizoea programu ataipeleka ofisi moja. Mwalimu ataipeleka kwa mikondo minne, kila mwaka, mpaka astaafu.

Halafu kuna hili la "bure". Google ilikuwa inavipa vyuo na shule nafasi isiyo na kikomo ya kuhifadhi mafaili. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba utaratibu huo unakwisha, na kuanzia Julai 2022 kila taasisi ikawekewa kiwango cha kuanzia cha terabaiti 100 kwa watu wake wote. Vyuo vikubwa vya nje vilivyokuwa vimehamishia huko mihadhara na data za utafiti vikabaki na kazi ya kufuta, kuhamisha au kulipa. Septemba mwaka huohuo, Slack ikapunguza kile ambacho makundi ya bure yanaweza kukiona: siku 90 za mwisho tu. Kampuni ina haki ya kubadili bei ya bidhaa yake, sikatai. Lakini mwalimu aliyeweka kazi zote za wanafunzi wake humo anapaswa kuambiwa mapema, na kwenye zile semina zetu za Jumamosi sijawahi kusikia mtu akiligusa.

Wenzangu wananijibu: acha wivu, ajira zenyewe ziko wapi? Bora cheti kuliko kulala hosteli. Nawaelewa. Balozi wa programu anajifunza kusimama mbele za watu, kupanga bajeti na kuandika barua rasmi. Ila kazi hiyo ofisini ina cheo na mshahara. Anaitwa afisa masoko. Hapa kwetu analipwa fulana, na bando la kualikia watu analitoa kwenye bumu lake.

Na cheti chenyewe kinathibitisha nini? Mara nyingi kwamba unajua kubonyeza vitufe vya programu moja. Stadi ninayotaka kwenda nayo kazini ni ile iliyo nyuma ya vitufe: kugawa kazi, kuweka tarehe ya mwisho, kuandika nani kafanya nini na nani katega. Hiyo unaweza kuifundisha kwa ubao na kaunta buku, kwenye shule ambayo umeme ukikatika Jumatatu unarudi Jumatano. Programu ije baadaye, kama kifaa, na mwalimu awe na uwezo wa kuiacha akachukua nyingine.

Sisemi tuzifukuze hizi semina. Napendekeza serikali ya wanafunzi iziwekee utaratibu. Kampuni ya simu ikija kuweka hema la kuuza laini, kila mtu anajua ni biashara. Na hawa iwe hivyohivyo: bango litaje anayegharamia, ukumbi ulipiwe, na hela hiyo inunue bando kwa ajili ya maabara ya kompyuta. Balozi alipwe posho kwa kila semina anayoandaa. Na kila semina iwe na nusu saa ya kuonyesha jinsi ya kutoa kazi zako kwenye programu hiyo siku ukitaka kuhama.

Wagombea wa ubunge wataanza kupita vyumbani kwetu kuomba kura. Akibisha hodi kwako, mkaribishe, kisha muulize yuko upande gani kwenye jambo hili. Na kama kavaa fulana ya kampuni, muulize mara mbili.