Bunduki ya Sindano

Mwaka 1787 katika mji wa Sömmerda, Ujerumani, alizaliwa Johann Nikolaus Dreyse, mwana wa fundi wa makufuli. Zama hizo askari walishindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, kazi iliyowalazimu kusimama wima mbele ya adui. Dreyse alitafuta njia ya kuijaza bunduki kwa nyuma, na kufikia mwaka 1836 alikuwa ameipata.

Bunduki yake ilifungwa kwa komeo la chuma, mfano wa komeo la mlango. Askari alilivuta nyuma, akatia risasi na baruti zilizofungwa pamoja katika karatasi, kisha akalisukuma mbele na kulilaza. Alipofyatua, sindano ndefu ilitoboa karatasi, ikapenya baruti na kuigonga fataki iliyokaa nyuma ya risasi. Mtu aliweza kuijaza hali amelala kifudifudi.

Mwishoni mwa mwaka 1840 Prussia, dola yenye nguvu ya kaskazini ya Ujerumani, iliagiza bunduki 60,000. Mwaka 1864 Prussia na Austria zilipigana bega kwa bega na Denmark. Waaustria waliiona bunduki ile ikifanya kazi, lakini hawakuziacha zao za kushindilia. Tumaini lao lilikuwa katika singe. Miaka miwili baadaye marafiki hao wakawa maadui. Tarehe 3 Julai, 1866, huko Königgrätz, Austria ilipoteza watu zaidi ya 40,000, pamoja na waliotekwa. Prussia karibu 9,000. Bunduki haikuwa sababu ya pekee, lakini waliokwenda mbio na singe walikutana na risasi za watu waliolala chini.

Hata hivyo, sindano ilikuwa nyembamba, ikavunjika mara kwa mara, na moto ulivuja penye komeo. Wafaransa waliunda Chassepot, iliyopiga mbali karibu mara mbili. Katika vita vya 1870 askari wa Prussia waliumizwa nayo sana, wakaokolewa na mizinga yao.

Ndipo Wajerumani wakaichukua Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi za ganda la madini. Mwaka 1914 askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani huku Afrika ya Mashariki walikuwa bado wakiibeba Mauser hiyo hiyo. Baruti yake ya kale ilitoa moshi mwingi, ukawafichua mahali walipojificha. Basi waliowatangulia wengine nao walikuwa wamepitwa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kutazama mara moja hakutoshi.