"Nani Hana?" Si Jibu
Safu ya Binti Mutua

Jumanne jioni, kwenye kibanda cha chai karibu na steji ya Mowlem, kijana wa ploti ya jirani ambaye miezi hii hana kazi alivuta benchi, akasema taratibu: "Wazee, nina stresi. Silali." Spika, yule mzee ambaye wasomaji wa safu hii mmemzoea, hata kikombe hakukiweka chini. "Nani hana?" akamjibu.

Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja akasema stresi yake ni kodi ya nyumba. Mwingine, timu yake ya Uingereza imetoka sare tena. Wa tatu akaleta msongamano wa magari wa Outering, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya barabara. Kijana alilipia chai ambayo hakuimaliza, akaenda zake. Hakuna aliyemwita.

Niliwaka, na hadi leo sijapoa. Nilimwambia Spika mbele ya wenzake kwamba mtu akikwambia halali, kinachofuata ni kumuuliza tangu lini. Akaniambia vijana wa siku hizi wamedekezwa na maneno ya Kizungu.

Basi tulitazame hilo neno la Kizungu. Mzizi wake wa Kilatini ni kukaza, kubana. Na dhiki, ambayo sisi tuliipata kwa Waarabu, nayo asili yake ni ufinyu. Hilo la Kizungu wahandisi walilitumia kutaja nguvu inayokaza ndani ya chuma au jiwe linapobebeshwa mzigo. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti mzaliwa wa Vienna aliyekuwa Montreal, alichapisha taarifa fupi kuhusu panya waliotiwa kwenye baridi, waliojeruhiwa na waliochoshwa kupita kiasi. Madhara yalikuwa yale yale, vikiwemo vidonda vya tumbo. Hali hiyo ndiyo aliyokuja kuiita stresi. Panya hawakudekezwa na yeyote, Spika.

Na wahandisi wangetufaa pale kibandani. Jirani zetu wa Huruma waliangukiwa na ghorofa Aprili 2016, makumi wakafa. Nikiona ufa kwenye nguzo namwita msimamizi wa ploti, na sijamsikia akiniuliza ni nguzo gani isiyobeba mzigo.

Vijana wetu husema stresi kwa sababu maneno mazito zaidi yamekuwa hatari kuyatamka. Mathari, iliyoanza kama karantini ya ndui na kugeuzwa hospitali ya akili mwaka 1910, mtaani bado ni tusi. Sheria nayo ilitisha: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, aliyejaribu kujiua angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Nani angejitokeza kusema amefika ukingoni? Badala yake kijana akasema stresi, akitumaini kuna mtu atakayemuuliza ni stresi gani.

Kiswahili kina kero, karaha, hasira, uchovu, na Sheng ina mengine mengi. Wewe ambaye timu yako imetoka sare, chagua lolote kati ya hayo. Stresi mwachie asiyelala, na akiitaja, weka kikombe chini.