Picha ya ukutani si dawa ya mawazo

Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya kupangisha mtaani Kinoo, kando ya Barabara ya Waiyaki, ukakuta juu ya kochi picha kubwa yenye mraba mmoja mweusi na mistari miwili mitatu, kwingine kote kukiwa kweupe. Aghalabu ni nakala iliyochorwa kwa rangi ya akriliki. Mtindo wenyewe ni wa kale kidogo, kwani Kazimir Malevich alionyesha mraba wake mweusi jijini Petrograd, Urusi, mwaka wa 1915.

Sina ugomvi na mtu anayepamba nyumba yake. Linalonitia wasiwasi ni imani kwamba picha hizo, kwa kuwa hazina mambo mengi, hutuliza akili na kuondoa mawazo. Kuna hata wanaozitundika katika chumba cha mgonjwa.

Utafiti unaonyesha vingine. Mwaka wa 1984, Roger Ulrich wa Marekani alichapisha habari za wagonjwa waliotolewa kifuko cha nyongo huko Pennsylvania. Wale 23 ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake waliwawekea picha wagonjwa waliopasuliwa moyo mjini Uppsala, Uswidi. Picha ya maji na miti iliwapunguzia wasiwasi. Picha ya dhahania yenye mistari na pembe iliwazidishia wasiwasi kuliko kukosa picha kabisa.

Ni kweli kwamba hao walikuwa wagonjwa, na mtu mzima wa afya huenda akaipenda picha kama hiyo bila kudhurika. Hata hivyo, asiinunue kama dawa.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, shughulikia dirisha kabla ya ukuta. Ghorofa nyingi za Kinoo zimebanana, na wapangaji hufunga madirisha kutwa kwa sababu ya baridi. Hewa safi hupunguza unyevu na uenezaji wa kifua kikuu. Picha haifanyi hivyo.

Pili, usibandike turubai kwenye ukuta wenye unyevu. Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, kuvu huweza kuota nyuma yake bila wewe kuiona, na kuvu ni adui wa mwenye pumu. Acha nafasi ya hewa, na uipanguse vumbi mara kwa mara.

Tatu, nunua kinachokupendeza wewe, wala si kilichomo sebuleni mwa jirani. Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka wa 1965, alihubiri kwa miaka mingi dhidi ya kuiga. Wachoraji wetu wapo, hata kule Banana, nao huchora miti, mito na watu tunaowajua.

Mwisho, ikiwa huzuni au kukosa usingizi kumekuandama kwa zaidi ya wiki mbili, usitafute nafuu kwa fundi wa fremu. Nenda ukamwone daktari, kwani maradhi ya akili yana tiba.