Zaburi zilizoondolewa kwa sababu ya hasira
Na Anastasia Mrema

Kanisa Katoliki lilipotoa upya Liturujia ya Vipindi mwaka 1971, sala ambayo mapadre na watawa husali kila siku, Zaburi tatu ziliachwa nje: ya 58, ya 83 na ya 109. Ya 137 ilibaki, lakini bila mistari yake ya kisasi. Sababu iliyotolewa ni kwamba laana zilizomo katika Zaburi hizo zinaleta ugumu wa kisaikolojia.

Kwa maoni yangu, hapo saikolojia ilisingiziwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika juu ya jambo lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walipomaliza kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Zaburi si shajara, najua. Maneno yake ni ya mtu mwingine, na hilo ndilo linaloifanya ifae. Aliyefiwa au aliyedhulumiwa hana nguvu ya kutunga sala, anaazima. Tena ushairi wa Kiebrania, ambao ndio wa Zaburi, husema wazo, kisha hulirudia kwa sura nyingine, hivyo hasira inayokuja ikibwata inalazimika kwenda kwa mwendo wa mistari.

Wayahudi wengi huzisoma zote 150 kwa mwezi, bila kuruka. Rabi Nachman wa Breslov, aliyefariki 1810, aliteua Zaburi kumi za kuponya nafsi, na ya 137 imo, kisasi chake na yote.

Hatari ipo. Kwenye mikesha ya maombi huku kwetu, Zaburi ya 35, ya kuwalaani adui, inaweza kugeuzwa rungu la kumpigia jirani, au mama mkwe. Hata hivyo, anayelaani katika Zaburi hajichukulii sheria mkononi: kesi anamwachia Mungu.

Cha ajabu, kitabu hichohicho cha Liturujia ya Vipindi kimeibakiza Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja, na husaliwa kila Ijumaa usiku kabla ya kulala. Kama waumini wameaminiwa kusali maneno ya kukata tamaa kila juma, Zaburi ya 109 ingeweza kupata walau siku moja katika mzunguko wa majuma manne wa sala hiyo.