Tansiyo: Tusingoje Bomba Lipasuke



Mtu wa kompresa anajua kazi yake. Akiisha kuwasha mashine, anatazama mshale wa presha. Hangoji bomba lipasuke ndipo aseme presha imezidi. Ukimwambia, "Acha, mashine haipigi kelele mbaya," atakucheka.

Lakini mtu huyo huyo, ukimwuliza tansiyo yake ni ngapi, atakujibu: "Mimi ni mzima, kichwa hakiniumi." Leo tunataka kusema juu ya neno hilo, maana limezika watu wengi wenye nguvu.

Moyo ni pampu. Unapiga karibu mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, bila mapumziko. Tansiyo ni nguvu ya damu ndani ya mishipa. Munganga anaandika hesabu mbili: ile ya juu ni wakati moyo unaposukuma damu, ile ya chini ni wakati moyo unapolegea. Nguvu hiyo ikizidi kwa miaka mingi, moyo unachoka, figo zinaharibika, na siku moja mshipa wa kichwa unaziba au unapasuka. Mtu anaanguka, mdomo unakwenda upande, mkono na mguu vinakufa. Jirani wanasema amerogwa. Hakurogwa. Ni presha iliyozidi, na hakuna aliyetazama mshale.

Mara nyingi ugonjwa huu hauumi. Mwaka 2021 Shirika la Afya la Dunia, O.M.S., lilitangaza kwamba watu bilioni 1.28 wenye miaka 30 mpaka 79 wana tansiyo ya juu, na karibu nusu yao hawajui.

Waganga wakubwa wanabishana juu ya hesabu: ugonjwa unaanzia wapi? Mwaka 2015 huko Marekani uchunguzi ulioitwa SPRINT, wa watu zaidi ya 9,300, ulionyesha kwamba kuishusha hesabu ya juu chini ya 120 kuliokoa watu wengi kuliko kuiacha karibu na 140. Kwa hiyo mwaka 2017 waganga wa Marekani walisema 130 kwa 80 ni ugonjwa tayari. Lakini katika uchunguzi ule ule, walioshushwa sana walizimia zaidi, na figo za wengine zilipata taabu. O.M.S., mwaka 2021, ilishauri dawa zianze kwenye 140 kwa 90, na kwenye 130 kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo.

Sisi tunasema nini? Kwetu tushike 140 kwanza. Mtu anayepanda ngazi au kuendesha kamyo hafai kupata kizunguzungu kwa sababu ya dawa nyingi zisizo na munganga wa kuzifuata. Tena, faida gani kubishana juu ya 130, wakati mwenzetu wa 180 anapita mlangoni kila asubuhi bila kupimwa hata mara moja?

Jambo la pili ni dawa. Mwaka 2019 waganga walitangaza uchunguzi wa CREOLE. Huu haukufanywa Ulaya. Ulifanywa kwa watu weusi 728 wa nchi sita za Afrika, na kati yao jirani zetu wa Uganda na Kenya. Wagonjwa walipewa dawa mbili mbili, na ilionekana kwamba zile jozi zenye amlodipine zilishusha tansiyo vizuri zaidi. Kwa hiyo usichukue vidonge vya shemeji yako kwa sababu vilimfaa yeye. Muulize munganga dawa inayokufaa wewe. Na ukiisha kuanza, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unakunywa dawa.

Jambo la tatu ni chumvi. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, alikuta soko kubwa la wanawake kando ya Lualaba, na chumvi ilikuwa kati ya vitu vilivyouzwa. Zamani zile chumvi ilitoka mbali, na mtu aliitia kwa kipimo. Leo tunaitia kwenye sombe, tunaiongeza juu ya wali, tena tunakula makayabo. O.M.S. inasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo. Mama wa nyumbani, makayabo yalowekwe, na maji yale yamwagwe.

Wengine watasema: "Munganga wa moyo yuko mbali." Ni kweli. Lakini kumbukeni Kasongo. Tangu mwaka 1971 Mradi wa Kasongo, uliofanywa pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, ulijulikana duniani kwa njia yake: kituo cha afya karibu na watu, muuguzi mwenye maagizo yaliyoandikwa wazi, na hospitali nyuma yake kwa mambo mazito. O.M.S. nayo inakubali kwamba muuguzi aliyefundishwa, mwenye munganga wa kumsimamia, anaweza kutunza tansiyo. Basi njia hiyo tunaijua tangu zamani. Tuitumie.

Linabaki jambo gumu: woga. Kuna wafanyakazi wanaoficha tansiyo yao. Wanakunywa dawa siku chache kabla ya kupimwa, halafu wanaacha. Wanaogopa kutolewa kwenye mashine na kupoteza posho. Tusiwacheke. Watoto wanakula kwa posho ile.

Kwa hiyo tunawaambia na wakubwa wa kazi: hesabu ya tansiyo si kosa. Mtu anayetunzwa vizuri ni salama kuliko yule anayejificha. Aliye na hesabu ya hatari apewe kazi ya chini kwa muda, mshahara wake usiguswe, na arudi mahali pake munganga akikubali. Kapita aambiwe tu kama mtu anaweza kazi ile au hawezi. Hesabu yenyewe ni siri ya mgonjwa na munganga. Bila hivyo watu wataendelea kujificha, na siku moja kamyo itapinduka pamoja na wengi.

Nawe ndugu, timiza upande wako:

1. Pimwa hata kama huumwi. Keti dakika tano kwanza, usivute sigara wala kunywa kahawa kabla ya kupimwa.
2. Ukiwa juu mara moja, rudi siku nyingine upimwe tena.
3. Andika hesabu yako, uitunze.
4. Nunua dawa kabla hazijaisha nyumbani.
5. Punguza chumvi na lutuku, acha tumbako.

Mke wako pia apimwe, na wazee wa nyumbani. Mshale utazamwe leo, bomba likiwa bado zima.