Kabla ya Kuzidisha, Uliza Kama Data Inatosha

Leo ni hisabati kidogo, na swali lenyewe ni la hapa hapa Membley. Mpangaji amenunua tokeni za stima za shilingi 550. Akinunua za 1,100, je, atapata yuniti mara mbili?

Wengi watazidisha papo hapo. Mimi nasema ngoja. Swali la kwanza si "jibu ni ngapi?" bali "nilicho nacho kinatosha kunipa jibu?"

Tuseme y ni pesa na x ni yuniti. Kanuni ya uwiano ni y = kx. Kisichojulikana ni kimoja tu, k, kwa hiyo risiti moja inatosha. Lakini hadi Julai 2018 bili ya nyumbani ilikuwa na ada ya kudumu ya shilingi 150 kwa mwezi, yaani y = kx + c. Tukiacha kodi kando, na tukichukulia kila yuniti ilikuwa na bei moja, katika 550 zilibaki 400 za stima. Katika 1,100 zilibaki 950. Hiyo ni zaidi ya mara mbili!

Ukiijua ada, risiti moja inatosha. Usipoijua, unahitaji mbili za mwezi mmoja, kwa sababu tozo ya mafuta hubadilika kila mwezi. Tena ziwe za nyumba mbili na za kiasi tofauti. Risiti mbili za 550 zinarudia habari ile ile.

Ada hiyo iliondolewa Agosti 2018. Basi uwiano umerudi? Si moja kwa moja. Bei za Aprili 2023 ziliwagawa wateja wa nyumbani kwa matumizi ya mwezi: hadi yuniti 30, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Kila kundi na k yake. Risiti ya jirani haikusaidii mpaka ujue yuko kundi gani.

Maoni yangu kwa wanaoandika programu za kugawa bili za ploti ni haya: usomaji wa mita ndogo ukikosekana, usiweke sifuri wala wastani kimyakimya. Mwenye ploti ataiamini namba kwa kuwa imetoka kwenye kompyuta, na mpangaji atalipa stima ya mwenzake. Programu iwe na ujasiri wa kusema: "Data haitoshi. Nipe usomaji wa mwezi uliopita."

Hilo nalo ni jibu, tena sahihi.